Tuwapime Wachezaji wa Sinema kwa Kazi Yao, Si kwa Kabila Lao

Sisi watu wa pwani tuliohamia huku bara tulikuja na msala, dele la kahawa na ubishi wa sinema. Msala na dele tulibaki navyo wenyewe kwa muda mrefu, lakini ubishi wa sinema wenyeji wa Nakuru waliupokea siku ile ile, kwani kumbe nao walikuwa na wao.

Nilihamia mji huu mwaka 1979 kwa ajili ya kazi, nikiwa kijana, na tangu hapo sijarudi Mombasa ila kwa harusi, matanga na Idi. Mtaa wetu ni Bondeni, mtaa wa siku nyingi wa Waislamu wa Nakuru. Barazani petu hukaa watu wa kila namna. Yuko mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, yuko fundi cherehani wa Kinubi, yuko mwalimu mstaafu aliyezaliwa Subukia, na wako vijana wa bodaboda wanaongoja abiria huku wametega masikio. Baada ya Isha, upepo wa baridi unaposhuka kutoka Menengai, kila mtu hujikunyata ndani ya koti lake, vikombe vikapita, na maneno yakaanza. Siasa tumekatazana. Mpira huisha upesi kwa kuwa kila mtu amekwisha kuona matokeo kwenye simu yake. Sinema ndiyo haina mwisho.

Juma lililopita ubishi huo nusura ututie aibu. Tulikuwa tumetazama dukani picha iitwayo The First Grader, iliyotoka mwaka 2010, ambayo yahusu Mzee Kimani Maruge. Wengi wa wasomaji watakumbuka kwamba Maruge ndiye yule mzee wa Eldoret aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kufuta karo ya shule za msingi mwaka 2003. Katika picha hiyo Maruge huigizwa na Oliver Litondo, ambaye watu wa rika langu wamjua tangu alipokuwa akisoma habari katika televisheni.

Picha ilipokwisha, kijana mmoja akasema, "Mzee huyu hakustahili. Maruge alikuwa Mkikuyu, na huyu jina lake tu lasema si wa kwao. Angetafutwa mtu wa damu yake."

Mwenzake akamjibu kwa neno la kikabila ambalo sitaliandika hapa. Wa kwanza akasimama. Wa pili naye akasimama. Mzee wa reli akapiga fimbo yake chini mara moja, akasema, "Kaeni, wanangu. Mmesahau mara hii?" Wakakaa. Hakuna aliyeuliza wamesahau nini.

Nililala na jambo hilo moyoni, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Naonelea kwamba wapenzi wa sinema tumekuwa mahodari wa kusema fulani mzuri na fulani mbaya, lakini hatujajifunza kumpima mchezaji. Twampima kwa mtu anayemwiga, au kwa ukubwa wa jina lake, au kwa kabila lake. Kazi yenyewe twaiacha.

STELINGI HAFI

Zamani tulipokuwa tukienda Naaz, Regal au Majestic kule Mombasa, hukumu ilikuwa rahisi. Kulikuwa na stelingi na kulikuwa na adui. Stelingi hafi, akipigwa risasi, ni ya bega. Adui kazi yake ni kupigwa, na akipigwa watu husimama juu ya viti wakashangilia. Tukitoka nje, mchezaji bora ni yule aliyeshinda, na mchezaji mbaya ni yule aliyetukera. Ukimsifu adui, wenzako wakutazama kama kwamba umeiba.

Ikaja Sholay. Picha hiyo ilitolewa India mwezi wa Agosti 1975, na ilipofika kwetu ilivuruga hesabu zote. Kwanza, stelingi akafa. Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, aliuawa kwa risasi kabla ya mwisho, na nakumbuka watu waliokaa kimya wakingoja ainuke. Pili, adui aliiba picha nzima. Huyo alikuwa Gabbar Singh, jambazi wa milimani, na aliyemwigiza alikuwa Amjad Khan, kijana ambaye hadi siku hiyo watazamaji wengi hawakumjua.

Hebu tuitazame kazi yake. Gabbar hatokei upesi. Twamsikia kabla hatujamwona. Twasikia viatu vyake juu ya mawe na mkanda wake ukiburutwa. Kisha yuaongea, na haongei kwa kelele kama maadui wengine tuliowazoea. Auliza swali dogo kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. Anawatisha watu wake watatu waliorudi mikono mitupu, anawafyatulia bastola isiyotoka risasi, anacheka, nao wakacheka kwa furaha ya kupona, kambi nzima ikacheka, na katikati ya kicheko hicho akawapiga risasi wote watatu. Mtu aliyeketi kitini pake ukumbini alicheka nao pia, akajikuta ameshirikiana na muuaji. Hiyo ndiyo kazi, bwana. Yule aliyekuogopesha hata ukatamani atoke machoni pako, amefanya aliloajiriwa kulifanya.

Hata hivyo wako hadi leo watu wanaosema Amjad Khan hawampendi "kwa sababu ya roho yake mbaya". Roho ya nani? Amjad alifariki mwaka 1992, na roho yake yajulikana na Mola wake. Ile tuliyoiona ni ya Gabbar. India yenyewe inasimuliwa kwamba wazazi waliacha kuwapa watoto wao jina la Pran, kwa vile mchezaji Pran alivyokuwa hodari wa kuigiza maadui. Ukifikiri, hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko kikombe chochote, ingawa yeye aliipata kwa sura ya laana.

POSA ILIYOKATALIWA

Nisije nikaonekana nawacheka wengine, heri nieleze kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1984 palikuwa na vijana wa mtaani kwetu waliofanya mchezo wa kuigiza katika ukumbi mmoja hapa mjini. Mmoja wao, kijana wa familia tuliyohusiana nayo, aliigiza mlevi anayempiga mkewe. Alipepesuka vizuri mno. Alikuwa na namna ya kutafuta tundu la kitasa kwa ufunguo, akalikosa, akalitukana, hata ukumbi ulianza kwa kucheka na ukaishia kwa kumchukia. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alisema kwa sauti, "Mungu amlaani huyu." Mkononi alikuwa na glasi ya chai ya rangi.

Miezi michache baadaye kijana yule alitaka kuoa, nami nilikuwa miongoni mwa watu watano waliotumwa kupeleka posa. Baba wa msichana alitupokea vyema, akatupa chai na mahamri, akatusikiliza, kisha akasema, "Kijana wenu nilimwona kwa macho yangu. Mtu hawezi kuiga vile jambo asilolijua." Mkubwa wetu akajaribu kueleza kwamba ule ulikuwa mchezo. Baba akatikisa kichwa. Nilikuwa na la kusema, kwani nilimjua kijana tangu udogo wake na nilijua hajapata kuonja pombe. Lakini nilinyamaza, kwa sababu, na hili naliandika kwa haya, siku ile nami nilikuwa nimeingiwa na shaka kidogo. Alipepesuka vizuri mno.

Posa haikukubaliwa. Kijana alioa kwingine baadaye, alhamdulillahi, lakini jukwaani hakupanda tena. Dini yetu yatukataza kumdhania mtu vibaya, na sisi tulimdhania vibaya kwa kuwa alifanya kazi yake vizuri. Laiti angeigiza mlevi ovyo ovyo, angepewa mke.

Najua wako masheikh wasiopenda sinema wala michezo hii kabisa, na sibishani nao hapa. Nasema na sisi tunaotazama. Ikiwa twatazama, basi tutazame kwa haki.

IMAMU WA RAMGARH

Katika picha ile ile ya Sholay mna mtu ambaye Waislamu wa pwani na wa Nakuru wamlilia hadi leo. Ni yule imamu kipofu wa kijiji cha Ramgarh. Mwanawe wa pekee, Ahmed, anauawa na Gabbar na maiti yake yaletwa kijijini juu ya farasi. Watu wote wamesimama bila neno, na mzee kipofu yuashuka akiuliza kwa nini pamekuwa kimya hivi. Ananyosha mikono, apapasa, agusa, na vidole vyamwambia ambalo hakuna aliyethubutu kumwambia. Halafu adhana yasikika, naye ashika fimbo yake aende msikitini.

Nimeiona sehemu hiyo mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na kila mara barazani hupita kimya. Fundi wetu wa Kinubi hujifanya ana vumbi jichoni.

Sasa, yule mzee ni nani? Ni A. K. Hangal, aliyefariki mwaka 2012. Hakuwa kipofu. Hakuwa imamu. Hakuwa Mwislamu, alikuwa Mhindu. Kabla ya kuingia katika sinema, akiwa tayari mtu mzima, alipata riziki yake kwa kushona nguo. Na yule jambazi Gabbar Singh, ambaye kwa jina na kwa hadithi si Mwislamu, aliigizwa na Mwislamu, Amjad Khan, ambaye baba yake Zakaria Khan naye alikuwa mchezaji aliyejulikana kwa jina la Jayant.

Nilipoyasema haya barazani, fundi alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Mshonaji?" Nikamwambia, ndiyo, mshonaji. Akasema, "Basi ndiyo maana mikono yake ilijua kutafuta." Sijapata kusikia mwandishi wa sinema akisema neno lililompata Hangal kama hilo.

Mfano huo si wa peke yake. Dilip Kumar, aliyefariki Julai 2021 akiwa na miaka 98, jina alilopewa na wazazi wake ni Muhammad Yusuf Khan, mzaliwa wa Peshawar. Katika Ganga Jamuna ya mwaka 1961 aliigiza mkulima wa Kihindu, na Wahindu walimkubali. Na katika Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, Sultani Akbar, mfalme Mwislamu, aliigizwa na Prithviraj Kapoor, Mhindu, kwa sauti ambayo mwalimu wetu mstaafu hujaribu kuiiga kila akitaka kuwanyamazisha vijana. Kama damu ndiyo ingekuwa kipimo, picha hizo tulizozipenda maisha yetu yote zisingekuwako.

JINA KUBWA, KAZI NDOGO

Kipimo kingine kibovu ni jina. Mwaka 1985 ilitoka Out of Africa, iliyopigwa hapa Kenya, na mwaka uliofuata ikapata tuzo 7 za Oscar, ikiwamo ya picha bora. Watu wa Nakuru huipenda kwa sababu ya ile ndege ndogo inayoruka juu ya Bonde la Ufa, na heroe wakitokea tu, kila mtu hudai ziwa lile ni letu.

Ukiuliza nani mchezaji bora wa picha hiyo, wengi watakwambia Robert Redford, kwa kuwa ni Redford. Mimi nasema yeye ndiye aliyefanya kazi hafifu kuliko wote. Aliyemwigiza ni Denys Finch Hatton, Mwingereza wa ukoo wa kilodi, aliyefariki katika ajali ya ndege huko Voi mwaka 1931. Redford alizungumza Kimarekani chake kile kile tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa na sura nzuri, na nywele nzuri, na hakuna nililoliamini. Pembeni yake alikuwako Meryl Streep, Mmarekani mwenziwe, aliyefanya bidii ya kusema kama mwanamke wa Denmark, na Klaus Maria Brandauer aliyemwigiza mume wake. Hao wawili ndio waliopendekezwa kwa tuzo ya uchezaji, ingawa hawakuipata.

Lakini kura yangu haiendi kwa yeyote kati yao. Naipeleka kwa Farah. Farah Aden alikuwa Msomali, Mwislamu, msimamizi wa nyumba ya yule bibi, na aliigizwa na Malick Bowens, mtu wa Mali. Maneno aliyopewa ni machache, lakini mtazame anavyosimama. Hasimami kama mtumishi anayengoja amri. Asimama kama mtu aliyeshika amana. Na mwisho, bibi anapoondoka na kumwomba alitaje jina lake, Farah alitaja mara moja tu, kwa utulivu, na uso wake wasema yale yote ambayo adabu yamkataza kuyasema. Wazee wetu wa kanzu wa kule pwani walisimama vile. Mtu wa Mali alijuaje? Alijua kwa kuwa alijifunza, na kujifunza huko ndiko tunakoita kucheza.

KIJANA ALIKUWA NA HAKI MOJA

Sasa turudi kwa kijana wetu. Isidhaniwe kwamba nampuuza. Ndani ya maneno yake mabaya mlikuwa na jambo moja la haki, na yafaa tulitoe tulisafishe.

Katika The First Grader, mwalimu Jane Obinchu, ambaye ni Mkenya halisi, aliigizwa na Naomie Harris, mzaliwa wa London. Mume wake aliigizwa na Tony Kgoroge, na nafasi nyingine kubwa ikashikwa na Vusi Kunene, wote wawili wa Afrika Kusini. Mtu akiuliza kama Kenya nzima hakukuwa na mwanamke wa kuigiza mwalimu wa Kenya, swali lake ni la haki. Hilo ni swali la mkate: nani anaitwa, nani analipwa, nani anapewa nafasi ya kujulikana. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Katika Out of Africa alikuwamo kijana mmoja mzaliwa wa Mombasa, Job Seda, katika nafasi ndogo ya kupita. Huyo ndiye dunia iliyekuja kumjua baadaye kwa jina la Ayub Ogada, mpiga nyatiti, aliyefariki mwaka 2019. Wimbo wake Kothbiro ulipotumiwa katika picha ya The Constant Gardener mwaka 2005, sauti yake ilifanya kazi kubwa kuliko ile aliyopewa mwili wake miaka 20 nyuma.

Kwamba wachezaji wetu waweza kazi wakipewa, halina ubishi. Katika Nairobi Half Life ya mwaka 2012, Joseph Wairimu aliigiza kijana wa kijijini anayeuza picha za sinema na kuwachezea wateja vipande vyake ili wanunue, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya mchezaji bora katika tamasha la sinema la Durban. Mimi nilipomwona niliwakumbuka watu wa barazani petu, kwani sote tumewahi kuwa yule kijana.

Lakini ugomvi wa mkate upelekwe kwa mwenye tanuri, usipelekwe kwa aliyekula. Naomie Harris hakujiajiri. Na ukiiacha habari ya pasipoti yake, ukamtazama anavyokaa na wale watoto, ambao ni wanafunzi wa kweli wa shule ya hapa Bonde la Ufa, utaona mwalimu aliyechoka na ambaye hataki watoto wajue amechoka. Yeyote aliyepata kuwa na mwalimu wa namna hiyo atamtambua.

Na Litondo? Huyo hakuwa mgeni wa mtu yeyote. Alikuwa Mkenya mwenzetu, na swali la mkate halimhusu. Alimwigiza mzee aliyeteswa ujanani katika vita vya kupigania uhuru, anayetaka kusoma barua kwa macho yake mwenyewe. Alivyoishika penseli, kwa ngumi kama mtu ashikaye jembe, ndivyo nilivyomwona marehemu nyanya yangu akiishika alipoandikishwa katika ngumbaru. Kijana wetu aliyaona hayo yote. Nilimtazama wakati wa picha, na machozi yalimlengalenga. Alipokumbuka jina la mchezaji ndipo alipokasirika.

MZEE OJWANG' NA SISI

Hapa ndipo mzee wa reli alipoingilia kati kwa mara ya pili usiku ule. Aliwauliza vijana, "Mwamjua Mzee Ojwang'?"

Wote walicheka. Nani asiyemjua? Vitimbi imewalea wao, baba zao na babu zao. Wakaanza kuiga sauti yake na namna alivyokuwa akizozana na Mama Kayai.

"Kabila gani?"

"Mjaluo," akasema mmoja wa wale wawili, bila ya kufikiri.

Mzee akatikisa kichwa. Mzee Ojwang', aliyefariki Julai 2015, jina lake hasa lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Kwa miaka na miaka aliingia majumbani mwetu na lafudhi ya Kijaluo, na Wajaluo wenyewe wakamwita wao. Hawakukasirika, kwa sababu masikio ya mtu hayadanganyiki: hujua anapokejeliwa, na hujua anapopendwa. Wanjau hakuchukua lafudhi ya watu akaifanya kichekesho. Alichukua mzee mzima, mwenye kiburi chake, hofu zake na ujanja wake usiofaulu, na lafudhi ikaja pamoja naye.

Hapo sisi wapwani tuna la kujifunza pia, maana nasi tuna malalamiko yetu. Katika michezo mingi ya televisheni mpwani huwa mvivu, kavaa kofia, ana hirizi mfukoni, na kila sentensi huimalizia kwa "yakhe". Twakasirika, na tuna haki. Lakini tusiseme kosa ni kwamba aliyetuigiza ni mtu wa bara. Kosa ni kwamba hakufanya kazi. Hakuja akakaa nasi, hakusikiliza, alidhani kofia na neno moja vyatosha kuwa mtu. Angekuja mtu wa Molo au wa Njoro akatuiga kama Wanjau alivyowaiga Wajaluo, tungempa ukoo. Na mpwani mwenzetu akituigiza ovyo, uzawa wake haumfichi.

Na kwa nini jambo hili ni zito hapa Nakuru kuliko mahali pengine? Kwa sababu mwishoni mwa Januari 2008, katika mji huu ambao leo ni jiji, na katika Naivasha jirani yetu, jina la mtu na lafudhi yake vilitosha kumwua. Watu walisimamishwa njiani wakaambiwa waseme neno, ili isikike ulimi wao ni wa wapi. Maruge mwenyewe, mzee yule wa darasa la kwanza, machafuko hayo yalimpata akapoteza mali yake, akakaa katika hema la wakimbizi wa ndani. Hilo ndilo alilokuwa akilikumbuka mzee wa reli alipopiga fimbo chini. Vijana wale wawili mwaka ule walikuwa watoto wadogo, lakini baba zao hawakuwa wadogo.

Zingatia basi, msomaji. Wakati ule ule watu walipokuwa wakiuliza "sema tukusikie", katika nyumba zile zile Mkikuyu alikuwa amekwisha kuchekesha taifa kwa ulimi wa Kijaluo kwa miaka mingi, na hakuna aliyeona ajabu. Sitaki kusema kwamba mchezaji mmoja angeweza kuzuia panga. Nasema tu kwamba tulikuwa na mfano sebuleni na hatukuutambua kuwa ni mfano.

Kwa hivyo ombi langu kwa wapenzi wa sinema, huku bara na kule pwani, ni hili. Ubishi tusiuache, kwani ubishi ndio chumvi ya baraza. Lakini mtu akisema fulani mzuri au fulani mbaya, tumwulize alifanya nini: alisimama vipi, alinyamaza wapi, mikono yake ilisema nini, na je, kwa saa mbili tulimsahau yeye tukamwona mwingine? Aliyeshindwa hapo tumwambie ameshindwa, hata akiwa Redford. Aliyefaulu tumsifu, hata akiwa adui, hata akiwa si wa kwetu. Na tumsifu akiwa hai. Mzee Ojwang' alipokuwa mtu mzima na macho yake yakaharibika, ilibidi Wakenya wachangishane kwa ajili ya matibabu yake. Walichanga, na Mungu awalipe, lakini sifa na riziki ni vitu vya kuja mapema.

Mimi nimekwisha kuanza. Yule kijana wa posa sasa ni babu mwenye wajukuu, akaa Gilgil. Nilimpigia simu Ijumaa baada ya swala, nikamwambia kwamba ule ulevi wake wa mwaka 1984 ulikuwa kazi bora niliyopata kuiona jukwaani, na kwamba siku ya posa nilikuwa na la kusema na sikulisema. Alinyamaza kitambo. Kisha akacheka, akaniambia hata ile chai haikuwa na sukari.